Shangazi, leso yake, na chorus pedal iliyonitia aibu Kilelengwani

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili la wanamuziki. Kazi yangu siku zote imekuwa kusoma nyuzi za watu, kucheka peke yangu, kisha kuondoka bila hata kugonga like. Leo ni zamu yangu kuandika.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe na wala sijayatia chumvi. Chumvi yote imebaki Kipini kwa wenye bahari yao.

Kwa wasionijua, mimi ni mpiga besi. Naishi Garsen, Tana River. Siku za kazi ni fundi wa pikipiki karibu na stendi, na wikendi napiga na bendi ya harusi. Bendi yetu ni ndogo. Kiongozi ni Komora, anayepiga gitaa la solo na ana duka la dawa za mifugo. Kinanda anapiga kijana anaitwa Jillo, mtu wa masihara kuanzia asubuhi. Halafu kuna jamaa wawili wa ngoma za mkono.

Hilo la ngoma za mkono likumbukeni. Hatuna drum set. Hatuna lile goma kubwa la kupigwa kwa mguu. Nitarudi hapo, maana ndipo nilipoangukia.

Sasa, kilichoniponza ni sikio langu. Nilikuwa nasikiliza nyimbo za zamani kwenye simu nikiwa chini ya pikipiki ya mtu, nasikia besi inang'aa. Inakuwa nene, halafu ina kitu kama mawimbi madogo juu yake. Nikija kupiga yangu, tu, tu, tu, kama mtu anayegonga mlango wa choo.

Nikauliza humu humu ndani. Wadau wakanijibu: mkuu, hiyo ni chorus.

Kwa wale mliokuja kwenye uzi huu kwa udaku tu, chorus ni hivi. Kuna kipedali, yaani kiboksi kidogo cha kuwasha kwa mguu, kinachukua sauti ya besi yako na kutengeneza nakala yake. Nakala inacheleweshwa kidogo sana, inayumbishwa kidogo juu na chini, halafu inawekwa pembeni ya sauti yenyewe. Sikio linasikia kama wapigaji wawili wanaopiga kitu kimoja lakini hawajafanana kabisa. Ndiyo maana inaitwa chorus, ni kama kuigeuza sauti ya mtu mmoja kuwa ya kundi.

Nikaagiza. Binamu yangu aliyeko Mombasa akanitafutia pedal moja ya besi, akaifunga kwenye mfuko uliofanana na mfuko wa viatu vya mke wa mtu, akaitia yote miwili kwenye basi. Viatu vilifika kwangu na pedal ikafika kwa yule mama. Tulibadilishana pale stendi, naye akaniuliza kama hicho changu ni cha kupimia presha.

Ina vitufe vinne vya kuzungusha. Mix, yaani ile nakala iwe nyingi kiasi gani. Rate, yaani mawimbi yaende haraka au polepole. Depth, yaani yayumbe sana au kidogo. Na cha nne kimeandikwa filter, ambacho mimi sikukijali. Nilidhani wamekiweka kujaza nafasi.

Nikajifungia chumbani na kiamp changu kidogo cha kukuzia sauti.

Wakuu, ilikuwa raha. Nilizungusha kila kitu karibu mwisho. Nota moja tu ikawa inajaa chumba kizima na kuogelea. Nilipiga nota moja ile mpaka nikasahau chai. Jirani yangu anayepika chapati akachungulia, akasema inasikika kama redio iliyotumbukia kwenye pipa. Nikamwambia hii ni ya wanaoelewa.

Wikendi iliyofuata tulikuwa na harusi Kilelengwani.

Hapa lazima nimlete Shangazi Saumu.

Shangazi Saumu ni dada wa baba yangu, mdogo wake, na ndiye mwimbishaji wetu. Mwimbishaji ni yule mama anayeanzisha nyimbo harusini na kuwaongoza kina mama wenzake. Yeye hakwambii wimbo gani wala ufunguo gani. Anafungua mdomo tu, na wewe mwenye vyombo kazi yako ni kumtafuta alipo. Ana sauti inayofika ng'ambo ya mto bila spika. Ukichelewa kumpata anakukata jicho, na jicho lake nalo linafika ng'ambo.

Kuna desturi moja. Mwimbishaji akiridhika na mpigaji, anafungua leso aliyojitanda na kuifunga kwenye chombo cha yule mpigaji. Leso ikifungwa pale, basi. Umekubaliwa na kina mama. Hata wapishi wanakuchagulia mnofu. Kwa mpiga harusi wa huku kwetu hakuna heshima inayopita hiyo.

Kilelengwani, Shangazi alinifungia leso kabla hata sijapiga. Alitaka watu wajue huyu ni mtoto wa kaka yake. Leso nyekundu yenye maua meupe, akaifunga kwenye kichwa cha besi, akatabasamu, akaenda kusimama mbele ya wenzake.

Akaanzisha wimbo. Kina mama wakapanga mistari. Wimbo wetu ule una hatua zake: mbele, mbele, nyuma kidogo, mguu unakanyaga kwa pamoja. Mimi nikaweka mguu kwenye pedal, taa nyekundu ikawaka, nikaingia kwa mbwembwe.

Spika za Komora ni kubwa, wakuu. Si kiamp cha chumbani.

Sauti ilitoka kama uji. Nota za chini zikawa zinayumba, hazina mwanzo wala mwisho. Mstari wa mbele wa kina mama ukakanyaga mapema. Mstari wa nyuma ukakanyaga baadaye. Wa katikati wakawa wanaangaliana. Mama mmoja akamkanyaga mwenzake, kiatu kikabaki nyuma na mwenyewe akaendelea mbele bila kiatu. Jamaa wa ngoma wakawa wananitazama mimi, na mimi nimefumba macho, nasikia utamu.

Nilipofumbua, Shangazi alikuwa ameinua mkono juu. Kila kitu kikanyamaza.

Akaja mpaka nilipo. Uwanja mzima unaangalia. Akaanza kuifungua ile leso taratibu, fundo moja, halafu la pili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwanangu," akasema, "hii besi yako ina maji. Mguu hauna pa kukanyaga."

Akajitanda leso yake, akarudi mbele.

Sijawahi kuona wala kusikia mpigaji akifunguliwa leso. Wazee waliokuwa pale walisema hata wao ilikuwa mara ya kwanza. Nilitamani ardhi ya Kilelengwani, na vile ilivyo laini, inimeze.

Komora akamnong'oneza Jillo apige besi kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda. Jillo akapiga. Kina mama wakakanyaga vizuri, harusi ikaendelea, watu wakafurahi. Mimi nikakaa pembeni ya spika na besi mapajani kama abiria aliyeachwa na basi. Pilau ilipokuja niliwekewa mifupa.

Tuliporudi Garsen, Komora akaniita dukani kwake. Komora si mtu wa kupiga kelele, anaongea huku anapanga chupa za dawa. Akaniambia kwamba mkono wa kushoto wa Jillo umefanya kazi, na harusi inayofuata watapiga hivyo hivyo.

Wakuu, harusi iliyofuata ilikuwa ya Rehema.

Rehema ni dada yangu, wa kunifuata. Nilipoanza kujifunza besi nikiwa sijui hata kuitune, watu wote nyumbani walikimbia isipokuwa yeye. Alikuwa anaosha vyombo huku anacheza, hata nilipokuwa nakosea alikuwa anacheza makosa. Tangu siku zile aliniambia kwamba siku yake ikifika, anataka atoke nje akisikia besi yangu. Sasa nitakaa na wageni, na kijana wa masihara anipigie besi ya dada yangu kwa vidole vya kushoto?

Nilimwambia Komora hivyo hivyo. Akasema nitapiga wimbo mmoja tu, ule wa kumtoa bibi harusi, kwa sababu bibi harusi mwenyewe ameomba.

"Lakini Saumu asipokurudishia leso kwenye wimbo huo," akasema, "unashuka, na sherehe yote anapiga Jillo. Na baada ya hapo tutaongea kama bendi inahitaji mpiga besi."

Wimbo mmoja. Basi.

Nilipofika nyumbani nikaja humu na kuweka tangazo la kuuza pedal. Wengine mtalikumbuka. Mlinicheka vizuri. Lakini kuna mdau mmoja, Mungu amuweke, aliniuliza swali la maana: mkuu, kabla hujauza, ulikuwa umeweka settings gani?

Nikamtajia. Akacheka kurasa mbili. Kisha akaniambia hivyo vitufe havikuwekwa ili vifike mwisho, na kwamba kile cha nne nilichokidharau ndicho cha kuangalia kwanza.

Naombeni dakika, kuna mteja amekuja na tairi.

Haya, nimerudi. Tuendelee.

Tatizo langu likawa moja. Chumbani kila kitu kinasikika kizuri. Naweza kuzungusha vitufe mwaka mzima chumbani na nisijue kama mguu wa mtu utapata pa kukanyaga. Nilihitaji miguu.

Na miguu ilikuwepo. Harusi ikikaribia, kina mama wa upande wetu hukutana alasiri uani kwetu. Wanapepeta mchele, wanachambua viungo, wanasengenya upande wa bwana harusi, na wanafanya mazoezi ya nyimbo. Upande wa bwana harusi walikuwa wanatoka Kinakomba, huko juu mtoni, na Shangazi alikuwa ameapa kwamba watu wa Kinakomba hawatatushinda kuimba kwenye uwanja wetu.

Nikaenda kumuomba nipige kwenye mazoezi yao.

Alinitazama kutoka juu mpaka chini, ungo mkononi. Akasema nije, ila kile kidude changu kibaki kwangu. Nikasema sawa Shangazi.

Siku za mwanzo nilipiga kavu kabisa. Hakuna pedal wala madoido. Nilikaa nyuma yao na jamaa wetu wawili wa ngoma, kiamp kwenye betri ya pikipiki, na badala ya kuangalia vidole vyangu nikaanza kuangalia miguu yao.

Wakuu, nilijifunza vitu ambavyo sikuvijua kwa miaka yote ya kupiga harusi.

Kwanza, hakuna mguu uliokuwa unafuata ngoma. Ngoma za mkono ziko juu, zinachangamsha mabega. Mguu unamsubiri yule wa chini, na yule wa chini ni mimi. Kwenye zile rekodi nilizokuwa nasikiliza, kuna goma kubwa linashika hatua, kwa hiyo mpiga besi ana nafasi ya kuogelea. Sisi hatuna. Mimi ndiye goma kubwa! Na Kilelengwani goma kubwa lilikuwa limeenda kuogelea.

La pili lilinifurahisha zaidi. Niliwasikiliza wanavyoimba. Shangazi anaanza peke yake, sauti imenyooka. Halafu wenzake wanampokea, na hawampokei sawasawa. Mmoja anawahi, mwingine anachelewa, mwingine yuko juu kidogo, mama mmoja mwenye meno ya mbele yaliyotoka ana sauti yake ya peke yake kabisa. Zikikutana inakuwa tamu mpaka unasisimka.

Nikajiambia, si hii hii chorus? Hawa kina mama wanaifanya toka enzi za bibi zao bila betri.

Lakini ule uzuri wote uko juu, kwenye sauti. Chini, kwenye mguu, hakuna anayechelewa wala kuwahi. Wanaachana kwa mdomo na wanakutana kwa mguu.

Hapo nikakumbuka kile kitufe cha nne. Nikarudi kusoma alichoniandikia yule mdau. Kumbe filter kazi yake ni hiyo hiyo: inaziacha sauti za chini zipite kavu bila kuguswa, na zile za juu ndizo zinazowekwa kwenye mawimbi. Mguu ubaki kavu, mdomo uende kuogelea. Nilicheka peke yangu mpaka jirani wa chapati akaniuliza kama niko salama.

Kesho yake nikaiingiza pedal uani.

Ndiyo, najua nilichoahidi. Niliiweka ndani ya boksi la majani ya chai nyuma ya amp na nikapitisha waya chini ya mkeka. Si kwamba nilitaka kumdanganya Shangazi. Ni kwamba angeiona, angeisikia mbaya hata ikiwa imezimwa. Nilitaka maoni ya miguu yake, siyo ya macho yake.

Nikaanza na kidogo kabisa. Mix chini, rate polepole kama mtu anayepumua usingizini, depth ya kugusa tu. Wakaimba, wakakanyaga. Hakuna aliyegeuka.

Nikaongeza mix kidogo. Wakakanyaga.

Nikaongeza depth. Shangazi akasimama.

"Maji yamerudi," akasema, bila hata kugeuka.

Mkono wangu ukaingia kwenye boksi haraka kuliko ninavyotoa plagi kwenye injini ya moto. Nikasema labda ni betri, Shangazi. Akasema betri niitie chaji. Wakaanza tena, na safari hii wakakanyaga mpaka mwisho wa wimbo.

Kazi ikawa hiyo alasiri baada ya alasiri. Wao wanapepeta na kuimba, mimi nazungusha na kurudisha. Wakisimama, nimezidisha. Wakiendelea, naongeza tone moja. Kuna watu humu mna mashine za kupima sauti kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa na Shangazi Saumu na wenzake, na sidhani kama kuna mashine inayowafikia.

Najua mtaniuliza settings za mwisho, kwa hiyo niziseme kabisa. Mix ikatulia karibu na robo, na nikipiga nota ndefu za juu ndipo inasikika. Rate karibu na mwanzo kabisa. Depth chini ya nusu. Filter nimeizungusha mpaka nyuzi mbili nene zinatoka kama hakuna pedal, na zile mbili nyembamba zinapata mng'ao wake. Ila msizinakili kama zilivyo. Hizo ni za uwanja wetu, spika za Komora na miguu ya kina mama wa huku.

Siku ya harusi ikafika.

Wageni wa Kinakomba waliingia na vigelegele toka barabarani, wamejaa kwenye lori, wamevaa leso za aina moja. Kina mama wetu wakajipanga upande wa pili, nao sare. Wakaanza kurushiana maneno ya kimashemeji. Wa Kinakomba wakasema wamesikia huku chini watu wanaimba kama wanaita kuku. Shangazi akawajibu kwamba kuku wenyewe ndio hao wameitika kwa lori zima. Watu wakavunjika mbavu.

Mimi sikuwa nacheka. Nikaiweka pedal miguuni, nikaiwasha, halafu nikavua kofia yangu na kuifunika nayo. Jillo aliona. Wimbo wa kumtoa bibi harusi ni wa besi, ngoma na sauti tu, kwa hiyo yeye alikuwa amekaa nyuma ya kinanda amekunja mikono, anasubiri kuona kama nitashuka.

"Bro," akaninong'oneza, "hiyo kofia inaswali?"

Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, ila meno yote nje.

Komora akanipa ishara.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Rehema akasimama pale kizingitini, amefunikwa, anatazama chini. Nilianza na nota moja ya juu, ndefu, nikaiacha ipae yenyewe juu ya uwanja. Wakuu, iling'aa. Ilikuwa ile sauti niliyokuwa naisikia chini ya pikipiki za watu, na sasa ilikuwa inatoka mikononi mwangu. Rehema akainua uso. Aliniona, akatabasamu nyuma ya shela, na nikajua amesikia alichokuwa anakisubiri.

Kisha Shangazi akafungua mdomo, nikamfuata chini kwenye nyuzi nene, na miguu ikashuka.

Yote kwa pamoja. Mbele, mbele, nyuma kidogo. Mguu mmoja mkubwa. Nilihisi ardhi ikinirudishia nota yangu kwenye nyayo.

Na halafu kikatokea kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi. Wale wa Kinakomba wanaujua wimbo ule ule, ila wao wanauimba kwa lafudhi ya huko juu mtoni na wanavuta maneno zaidi. Walikuwa wamekuja kushindana. Lakini Rehema alipowakaribia, mmoja wao akaudaka wimbo, wengine wakamfuata, na uwanja mzima ukawa unaimba wimbo mmoja kwa namna mbili, sauti hizi zinawahi na zile zinachelewa, na miguu ya pande zote inakanyaga kwangu.

Nililia, sioni aibu kusema. Nilikuwa napiga na machozi yanashuka mpaka kwenye besi. Dada yangu anaondoka nyumbani, na ameondoka juu ya besi yangu.

Wimbo ukaisha. Vigelegele. Nikabaki nimesimama, sijui nishuke au nibaki. Komora alikuwa anamtazama Shangazi. Jillo alikuwa ameshaweka vidole kwenye kinanda.

Shangazi akaja. Pole pole vile vile kama Kilelengwani. Akaivua leso begani, ile ile nyekundu yenye maua meupe, akaifunga kwenye kichwa cha besi. Fundo moja. Halafu la pili. La pili alilikaza kwa meno.

Komora akamfanyia Jillo ishara atoe mkono wa kushoto.

"Umeona?" Shangazi akaniambia, huku ananifuta shavu kwa kiganja. "Bila kile kidude chako, mguu unajua unakokwenda."

Nikatazama chini. Kofia yangu ni ya kudarizi, ina vile vitundu vidogo vidogo, na katika kila kitundu taa nyekundu ilikuwa inachungulia.

Nikasema, "Ndiyo, Shangazi."

Wakuu, yangeishia hapo ningekuwa mtu wa amani. Lakini Shangazi alikuwa ameshageuka kuondoka, akakumbuka kitu, akamgeukia Jillo.

"Na wewe kijana," akamwambia, "pale mwanzo Rehema anatoka, kile kinanda chako kiliimba. Kiling'aa. Mungu akubariki mkono."

Kwenye wimbo ule Jillo hakuwa amegusa hata kitufe kimoja.

Alinitazama mimi. Akaitazama kofia. Kisha akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kama mtoto wa heshima, akasema, "Ahsante, Shangazi. Tunajitahidi."

Tangu siku ile Jillo anakula kwa Shangazi Saumu kila wikendi. Juzi nimemkuta pale na sahani ya kambare wa nazi inayotosha watu wawili, na Shangazi anampepea.

Somo nililopata ni dogo. Sauti ya chumbani ni ya kujifurahisha mwenyewe. Ya uwanjani lazima uipime kwa anayecheza, na uiache mahali ambapo yeye anaifurahia bila kujua ipo. Mimi nilinunua chorus nikitaka watu wanione. Ilianza kufanya kazi nilipoifunika na kofia.

Leso bado iko kwenye kichwa cha besi, sijaifungua. Pedal haiuzwi tena, msinitumie ujumbe.

Ila nisaidieni hapa, hasa nyie mlio na mashangazi. Nimwambie ukweli kuhusu ile sauti iliyong'aa, na labda leso itoke tena? Au ninyamaze, na Jillo aendelee kula kambare wangu?

Nasoma comments nikiwa gereji, mikono ina grisi, nikichelewa kujibu mnivumilie.